Kaimati: Asili ya Neno na Hatari ya Ufanano

Wanafunzi wengi wa etimolojia huanza na sauti, na maana huitafuta baadaye. Neno kaimati linafaa kuwaonya. Kaimati ni vidonge vya unga wa ngano vilivyoumuliwa kwa hamira, vikakaangwa, kisha vikagaragazwa katika shira. Huliwa sana wakati wa futari, na sisi tulio hapa Olasiti hatuhitaji kusafiri hadi Tanga ili kuvionja.

Wapo wasemao kalimati. Afunguaye kamusi ya Kiarabu atakutana mara moja na kalimat, yaani 'maneno', na huenda akatunga na hadithi ya maneno matamu. Tuikatae. Waarabu wa Ghuba, ambao wameingiliana na Waswahili kwa karne nyingi, chakula hichohicho hukiita luqaymat. Luqma ni 'tonge'. Luqayma ni tonge dogo. Na -at ni alama ya wingi. Jamii ya mapishi haya ni ya kale: kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi, cha mwaka 1226, kinayataja matonge ya kadhi. Waturuki wanayo lokma, na Wagiriki loukoumades.

Je, lu- imekwenda wapi? Mtu anaweza kudhani kwamba Waswahili waliiona kuwa kiambishi cha ngeli, wakaiondoa. Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi. Katika matamshi ya Ghuba irabu ya kwanza hudhoofika, l ikabaki imegusana na konsonanti inayoifuata. Kiswahili hakina silabi inayoanza na lk-. Wasemaji wengine waliiacha l, wakapata kaimati. Wengine waliihamisha, wakapata kalimati. Mfano wa neno kupunguzwa mwanzoni tunao papa hapa mjini Arusha: Ngarenaro ni enkare narok ya Kimaasai, 'maji meusi', iliyoacha e ya mwanzo na k ya mwisho. Hata hivyo si kila neno hukatwa. Oldonyo Sambu imebaki na ol- yake.

Kisarufi, udogo na wingi wa Kiarabu vimekufa ndani ya neno. Kaimati imo katika ngeli ya N: kaimati moja imeiva, kaimati kumi zimeiva. Ndiyo maana mama akiwaita watoto waje kula vikaimati, hakuna anayesikia kwamba udogo umetajwa mara mbili, na wingi vilevile.