Asali ya Dumila: hununuliwa kwa lita, huuzwa kwa kilo

Abiria wa barabara ya Dodoma anayeshuka Dumila kununua nyanya na vitunguu ataiona pia asali. Imewekwa pembeni mwa meza, kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, kifuniko kimefungiwa juu ya kipande cha nailoni ili isivuje safarini. Lebo hakuna. Ukiuliza imetoka wapi utaambiwa Tabora, hasa ukionekana mtu wa mjini, kwa kuwa jina la Tabora linauza.

Nyingi haikutoka mbali hivyo. Mfanyabiashara mmoja mwanamke anayenunua asali vijijini na kuiuza hapo stendi, na ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa sababu anazozieleza mwenyewe hapa chini, anasema mzigo wake mwingi hutoka Magole, Msowero na Magubike, na kwenye miteremko ya Ukaguru. Wanaomuuzia ni wakulima wa mahindi, ufuta na alizeti wenye mizinga ya magogo mitano, sita, kumi ikizidi, iliyotundikwa mwisho wa shamba pori linapoanzia. Asali ya milima ya Uluguru haimfikii. Hiyo huteremkia Morogoro mjini, na ile ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi na yenye uchachu, huuzwa kama dawa kwa bei ya juu kuliko ya kawaida.

Serikalini biashara hii huzungumzwa kwa tani. Afisa mmoja wa mkoa anayeshughulikia misitu na nyuki, naye kwa sharti la kutotajwa, alirudia mara kadhaa kwamba Tanzania ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, na kwamba ni ya pili Afrika baada ya Ethiopia. Kwake yeye tatizo la Dumila ni uhamasishaji: wananchi waache magogo, wachukue mizinga ya kisasa ya masanduku, waunde vikundi.

Takwimu hiyo inastahili kutazamwa vizuri, maana haiachi kutajwa. Imo katika nyaraka za sera ya ufugaji nyuki tangu mwaka 1998, na msingi wake ni makadirio ya makundi ya nyuki milioni 9.2, kila kundi likitoa kilo 15 za asali na kilo moja ya nta. Zidisha, utapata tani 138,000 kamili. Hesabu inataka kila kundi, pamoja na yale yaliyo kwenye mapango ya miti katikati ya hifadhi, lifikiwe na mtu, lirinwe na litoe kiasi kilekile. Pia inataka pori la leo liwe lile la mwaka 1998. Mtu anayeijua wilaya hii ya Kilosa, kwa mkaa wake, mashamba mapya ya ufuta na mifugo inayotafuta malisho, atasita kidogo hapo. Zamani uzalishaji halisi ulikadiriwa kuwa tani 4,860 tu. Siku hizi zinatajwa tani zaidi ya 30,000. Inawezekana umepanda hivyo. Ila nilipomuuliza afisa nani hupima ndoo inayotoka Msowero kwa bodaboda usiku, alisema taarifa huletwa na ngazi ya chini.

Huyo wa ngazi ya chini, anasema mfanyabiashara wetu, hajawahi kumwona akiwa na daftari la asali. Humwona akiwa na daftari la ushuru.

Malalamiko yake ni marefu, lakini kiini chake ni ndoo. Kijijini asali hununuliwa kwa ndoo ya lita 20. Mjini inauzwa kwenye vikopo vya gramu 500 na vya kilo moja. Asali ni nzito kuliko maji, na ndoo ya lita 20 iliyojaa asali iliyoiva hubeba takriban kilo 28. Tuchukue ndoo inayonunuliwa kwa shilingi 140,000. Mkulima anaona ameuza kwa 7,000 kwa lita, na kichwani lita na kilo ni kitu kimoja. Kumbe ameuza kwa 5,000 kwa kilo, na kilo nane zimepita bila mtu kuzitaja.

Mama huyu anakiri kwamba yeye mwenyewe ananunua hivyo. Kinachomkera ni kwamba mnunuzi wa Dar es Salaam anayemfuata Dumila humfanyia yaleyale, na zaidi. Bei wanapatana kwa ndoo. Mizani hutoka kwenye gari baada ya kupatana, na kazi yake ni moja: ndoo isipofika kilo 28, bei inakatwa. Ikizidi, hakuna anayesema neno. Masega yaliyomo huitwa uchafu na kukatwa vilevile, ingawa anajua fika kwamba huko yanakopelekwa yatakamuliwa, yatayeyushwa na kuuzwa kama nta. Akilalamika, anaambiwa asali ya Singida ipo na inapita barabara hiihii. Ndiyo maana hataki jina lake litoke gazetini: wanunuzi wakubwa anaowategemea, kwa hesabu yake, hawazidi wanne.

Upande wa pili wa ndoo hiyo yupo mkulima, naye ana lake la kujibu. Asali iliyoiva ni ile ambayo nyuki wameifunika kwa nta kwenye sega. Ikirinwa kabla ya hapo huwa na maji mengi, na kiwango kinachokubalika kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Ikizidi, inachacha. Ndoo hutoa povu, chupa huvimba, na harufu inaanza kukaribia ya wanzuki. Mrinaji anayepanda mti usiku na kienge cha nyasi mkononi hachagui sana. Anakata sega lililoiva, lisiloiva na lenye majana, vyote vinaingia ndoo moja na majivu juu yake. Anaharakisha kwa sababu akingoja wiki mbili zaidi, nyegere au mwizi atakuwa amemtangulia. Mzinga wa sanduku ungemsaidia kutenganisha masega, na hapo afisa ana hoja. Lakini sanduku halizuii mwizi. Na mkulima wa kipato hiki, akipata fedha ya masanduku mawili, kwa kawaida ana mahali pengine pa kuipeleka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa Dumila hulisema kwa kunong'ona. Mavuno makubwa hufuata masika, miti na alizeti vikishachanua. Asali yenye alizeti nyingi huganda upesi. Baada ya wiki chache chupa inaonyesha tabaka jeupe chini, lenye chembechembe kama sukari. Hiyo ni tabia yake ya asili na haina ubaya wowote. Mteja wa basini haamini. Anatikisa chupa, anaiona sukari, anamrudishia muuzaji kwa maneno makali. Kwa hiyo wauzaji wengine huichemsha kabla ya kuipanga mezani. Inarudi kuwa nyororo na yenye kung'aa, inapoteza harufu ya maua na vimeng'enya vyake, na kwenye maabara huonyesha dalili za kuunguzwa. Mteja anayetangaza kwamba anataka asali ya asili isiyopita motoni ndiye huyohuyo anayelipia iliyochemshwa. Kupima asali kwa kiberiti au kwa kuidondosha kwenye maji, mbinu zinazosifiwa sana vijiweni, hakumwokoi.

Iliyoganda ingemfaa kuliko anavyodhani. Paka juu ya muhogo wa kuchemsha ukiwa bado moto: inayeyuka taratibu, na utamu hauji wote kwa mara moja. Anayeitaka laini aiweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sega bichi lililofunikwa, nalo, ni la kutafuna mpaka ibaki nta mdomoni. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote.

Je, soko litakua? Afisa anasema milango ya Ulaya iko wazi, na anataja uchunguzi uliotolewa huko mwaka 2023, ulioonyesha kuwa asilimia 46 ya sampuli za asali iliyoagizwa kutoka nje zilishukiwa kuchanganywa na sharubati za sukari. Anaamini asali safi ya miyombo itatafutwa. Huenda. Ila mlango huo unataka mzigo wa kontena, vyeti vya maabara na rekodi za kila shamba, na ndoo ya Dumila haina hata jina la kijiji. Tena mizinga ya hapa iko jirani na bustani za nyanya zinazopigwa dawa mara kwa mara. Kuhusu dawa hizo na nyuki, hakuna niliyezungumza naye aliyetaka kusema mengi.

Wasiwasi wa karibu zaidi ni barabara yenyewe. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma katikati ya 2024, ikipita Kilosa na kuiacha Dumila kando, wauzaji wa stendi wanasema mabasi yamepungua na abiria waliobaki hawashuki kwa wingi kama zamani. Hakuna takwimu ya kuthibitisha, na vitunguu vyao bado vinaondoka kwa malori. Asali haiuziki kwa lori namna hiyo. Abiria akikosekana, anabaki mnunuzi mwenye mizani kwenye gari.

Mama huyu amefikiria kununua mizani yake na kipimo kidogo cha maji ya asali, anunue kwa kilo na kwa masega yaliyofunikwa tu. Kinachomzuia ni jirani zake. Mkulima atakayekataliwa kwake hatahitaji kuishusha ndoo kwenye bodaboda. Meza ya pili itaipokea kama ilivyo, povu na yote, na mnunuzi wa Dar ataipata hapo.