Kilimanjaro kwa baiskeli: safari ya kuhesabu mita, si kilomita

Ndege inayoondoka Doha humfikisha abiria katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro kwa saa chache tu. Mwili wake, hata hivyo, huwa bado umezoea hewa ya usawa wa bahari. Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Qatar na wanaotamani kutumia likizo yao kuuzunguka mlima huo kwa baiskeli, tofauti hiyo ndiyo jambo la kwanza la kuzingatia, kabla ya tairi, gia au gharama.

Qatar ni nchi tambarare. Sehemu yake iliyoinuka kuliko zote ina mita 103 tu. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895.

Mazoezi ya Doha

Doha si mahali pabaya pa kujenga pumzi na miguu. Ipo njia maalumu ya baiskeli ya kilomita 33 inayoelekea Al Khor, na mwaka 2016 mji huo uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, mazoezi hufanywa kabla ya jua kuchomoza. Anayekosa kilima anaweza kukabiliana na upepo wa shamali kwa gia nzito, akapata kazi inayokaribia ya kupanda.

Lakini yapo mambo mawili ambayo tambarare haiwezi kuyafundisha. La kwanza ni kushuka kwa muda mrefu kwenye udongo na mawe, huku breki zikipata moto na viganja vikichoka. La pili ni kuvumilia upungufu wa oksijeni. Hata mwanariadha hodari hana kinga dhidi ya ugonjwa wa mwinuko.

Mpango wa mzunguko

Barabara za kuuzunguka mlima zina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Mpango wenye busara ni kuanzia Moshi kuelekea magharibi: Boma Ng'ombe, Sanya Juu, Kamwanga, kisha Rongai, Tarakea, Mkuu na hatimaye Marangu. Upande wa kaskazini hupata mvua kidogo, hivyo maji ya kunywa hayana budi kubebwa. Vilevile mpaka wa Kenya uko karibu, na haifai kufuata njia za mkato bila mwenyeji.

Mwelekeo huo una faida moja kubwa. Msafiri hulala siku kadhaa katika maeneo yenye mwinuko wa wastani, baadhi yakikaribia mita 2,000, kabla ya kufika sehemu ngumu. Sehemu hiyo ni njia ya Kilema, inayopanda ndani ya Hifadhi ya Taifa hadi Horombo, mita 3,720. Baiskeli haziruhusiwi katika kila njia ya mlima huo. Kwa hiyo kibali cha hifadhi na mwongozaji mwenye leseni ni mambo ya kukamilisha kabla ya kununua tiketi.

Kilomita huweza kumdanganya mtu. Chukua mfano wa mpandaji anayemudu mita 300 za mwinuko kwa saa. Kupanda mita 1,800 kutamchukua saa sita bila kupumzika, na giza la huko huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni.

Hatari ya kasi

Huko Horombo shinikizo la hewa ni takriban theluthi mbili ya lile la Doha. Wanaoendelea hadi Kibo, mita 4,720, hupata zaidi kidogo ya nusu tu. Mtembea kwa miguu huzuiwa na hatua zake mwenyewe. Baiskeli humwezesha mtu kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba, baada ya kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kila siku, na siku ya mapumziko iwepo kila baada ya siku tatu au nne. Kulala Marangu leo na Horombo kesho ni kuvuka kiwango hicho kwa mbali. Ndiyo maana mwandalizi wa safari anapaswa kuulizwa mapema usiku wa katikati utakuwa wapi. Lisipopatikana jibu, ni salama zaidi kupanda kwa sehemu na kurudi chini siku hiyohiyo. Wanaolenga Kibo wanahitaji angalau usiku mbili Horombo.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni ishara za kusimama. Mtu akiyumba anapotembea, akichanganyikiwa, au akihema hali amekaa, huenda maji yameanza kujaa katika ubongo au mapafu. Dawa iliyo ya hakika ni kuteremka mara moja, hata usiku, naye asiachwe peke yake wala asiendeshe baiskeli. Vidonge vya kuzuia ugonjwa huo vitumiwe kwa ushauri wa daktari.

Siku za likizo

Majira yanayofaa ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, kabla au baada ya masika. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu kila mita 1,000, hivyo anayetoka katika jua la Doha atahitaji glavu na koti la mvua.

Mara nyingi kinachompeleka msafiri mbio si mlima, bali tarehe ya kurejea kazini. Siku zikiwa chache, ni afadhali kuipunguza njia kuliko kuzipunguza siku za kuzoea. Mzunguko wa chini peke yake ni safari kamili, nao unaukamilisha mlima bila kuupanda. Waongozaji wa Kilimanjaro humhimiza kila mgeni kwa neno moja, pole pole, na mwenye magurudumu mawili analihitaji zaidi ya mwenye miguu.