Kuharakisha na Kupunguza Wakati: Sauti za Katuni, Picha za Mimea na Safari za Nyota

Macho na masikio ya binadamu ni vyombo vya ajabu, lakini vina mipaka yake. Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti zenye mitetemo ipatayo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Zilizo chini au juu ya hapo hazisikiki. Jicho nalo haliuoni mwendo ulio wa polepole mno, kama ule wa mkono mfupi wa saa, wala ulio wa haraka mno, kama ule wa mabawa ya nyuki arukapo. Kwa hiyo mambo mengi ya maumbile hutokea mbele yetu, nasi tusiwe na habari nayo.

Njia mojawapo ya kuvuka mipaka hiyo ni hii: kulinasa tukio kwa mwendo mmoja, kisha kulionyesha kwa mwendo mwingine. Katika makala haya tutaitazama njia hiyo katika mambo ambayo aghalabu hayatajwi pamoja, yaani sauti za sinema za katuni, picha za mimea na elimu ya nyota. Tutaona kwamba hesabu yake ni moja kote. Tutaona pia kwamba asiyeijua hesabu hiyo anaweza kudanganywa na macho yake mwenyewe.

KINDI WAIMBAO

Katika sinema nyingi za katuni sauti hutangulia picha. Mwigizaji husema maneno yake kwanza, nayo hunaswa. Kisha wachoraji hupima urefu wa kila silabi na kuichora midomo ipatane nayo. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, hivyo silabi ya robo sekunde huchukua picha sita.

Mwaka 1958 mwanamuziki wa Marekani, Ross Bagdasarian, aliwatungia watoto wimbo wa kindi watatu. Sauti nyembamba za wanyama hao hazikuwa za watoto. Zilikuwa zake mwenyewe. Aliimba polepole huku utepe wa sumaku ukienda kwa nusu ya mwendo wake, kisha akaucheza kwa mwendo kamili. Kindi hao, Alvin na wenzake, walipata kipindi chao cha katuni katika televisheni mwaka 1961.

Nini kilitokea katika utepe? Sauti ni mitetemo. Tuseme mwimbaji ametoa noti yenye mitetemo 220 kwa sekunde. Utepe ukichezwa kwa mwendo maradufu, mitetemo ile ile 220 hupita katika nusu sekunde, nalo sikio hupokea mitetemo 440 kwa sekunde. Sauti imepanda kwa oktava moja, kama mtu atokaye do ya chini kwenda do ya juu. Wakati huo huo wimbo wa dakika nne umekuwa wa dakika mbili. Ndiyo sababu ilimpasa mwimbaji aimbe kwa utaratibu mno. Angaliimba kwa mwendo wa kawaida, maneno yangalitoka kasi yasieleweke. Siku hizi mashine za tarakimu zaweza kupandisha sauti bila kufupisha wimbo, lakini katika utepe mambo hayo mawili hayakutengana.

Si kila sauti ya ajabu hutokana na hila hii. Clarence Nash, aliyempa bata Donald Duck sauti yake tangu mwaka 1934, hakuhitaji kubadili mwendo wa utepe. Aliitoa sauti ile kwa kuibana hewa kati ya shavu na meno, bila kutumia nyuzi za sauti zilizo kooni.

TEMBO WASEMAO CHINI KWA CHINI

Jambo lililowachekesha watoto liliwafaa pia wataalamu. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne, akiwa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi mtikisiko hewani ingawa hakusikia mlio. Sauti za mahali pale ziliponaswa na utepe kuchezwa kwa haraka zaidi, milio iliyokuwa imefichika ikasikika.

Baadaye Payne alishirikiana na Joyce Poole kuchunguza tembo wa Amboseli, nchini Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kwamba tembo wa Afrika hutoa milio mizito, yenye msingi wa mitetemo 14 hadi 35 kwa sekunde. Sehemu ya milio hiyo iko chini ya kikomo cha masikio yetu. Mlio wa mitetemo 14 ukiharakishwa mara kumi huwa wa mitetemo 140, na mtu yeyote aweza kuusikia. Hivyo ndivyo ilivyofahamika jinsi tembo walioachana kwa masafa ya kilomita kadhaa wanavyoweza kupashana habari, hali watu waliosimama katikati yao hawasikii lolote.

MHARAGWE UTAFUTAO MTI

Picha nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika upigaji picha wa vipindi, kamera husimamishwa mahali pamoja na kupiga picha moja baada ya kila muda uliowekwa, mathalani dakika moja. Picha hizo huonyeshwa baadaye kama sinema, 24 kwa sekunde. Kwa kuwa sekunde moja ya sinema ina dakika 24 za maisha, mwendo umeongezwa mara 1,440. Siku moja ina dakika 1,440. Basi siku nzima hutazamwa kwa dakika moja tu.

Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith alitoa filamu iliyoonyesha maua yakifunuka kwa njia hii. Mmea tunaoudhania kuwa umetulia huonekana ukihangaika. Ncha ya mharagwe utambaao huzunguka hewani kama mkono wa mtu apapasaye gizani, ikimaliza duara moja kwa muda upatao saa mbili, hata iguse kijiti na kujisokota. Katika sinema tuliyoitaja duara hilo huchukua sekunde tano.

KUTOKA ZUHURA HADI MOYO WA GALAKSI

Elimu ya nyota ina haki ya pekee katika habari hii, kwa maana picha za vipindi zilitumika huko kabla sinema haijazaliwa. Tarehe 9 Desemba 1874 sayari ya Zuhura ilipita mbele ya Jua. Mwanasayansi wa Ufaransa, Pierre Janssen, alisafiri hadi Nagasaki, Japani, akiwa na kamera iliyoweza kupiga picha 48 kwa sekunde 72, yaani moja kwa kila sekunde moja na nusu. Kamera hiyo ilimpa mawazo Mfaransa mwenziwe, Étienne-Jules Marey, ambaye mwaka 1882 alitengeneza kamera ya kuchunguza ndege warukao. Sinema ilizaliwa kutokana na majaribio ya namna hiyo.

Nyota nazo husafiri, ila umbali wao huuficha mwendo huo. Nyota ya Barnard, iliyotambuliwa mwaka 1916 kuwa yasogea upesi kuliko nyota zote angani, huhitaji miaka ipatayo 175 ili ivuke upana wa Mwezi kama tuuonavyo. Hakuna jicho liwezalo kungoja kiasi hicho. Picha mbili zilizopigwa kwa miaka kadhaa kati yake, zikitazamwa moja baada ya nyingine, huonyesha nyota hiyo ikiruka peke yake huku jirani zake wametulia.

Tunda kubwa la subira hii lilipatikana katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Tangu miaka ya 1990 makundi mawili ya wataalamu, moja likiongozwa na Reinhard Genzel na jingine na Andrea Ghez, yalipiga picha za eneo hilo mwaka baada ya mwaka. Nyota iitwayo S2 ilionekana ikizunguka mahali pasipo na kitu kinachong'aa vya kutosha kueleza nguvu iliyoivuta. Ilimaliza mzunguko mmoja kwa miaka 16. Kutokana na mizunguko ya aina hiyo ilijulikana kwamba mahali pale pana shimo jeusi lenye tungamo la Jua mara milioni nne hivi. Genzel na Ghez walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose.

Jua letu pia limeharakishwa, lakini kwa masikio. Uso wake hupanda na kushuka kwa kipindi cha dakika tano hivi. Sauti yake haiwezi kutufikia, kwani katika utupu hakuna hewa ya kuichukua; lakini chombo cha angani SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, kiliupima mtikisiko huo kwa nuru. Alexander Kosovichev aliviharakisha vipimo vya siku 40 mara 42,000. Mtetemo mmoja kwa sekunde 300, ukizidishwa mara 42,000, huwa mitetemo 140 kwa sekunde, sawa na ule mlio wa tembo tuliouharakisha.

TAHADHARI KWA MTAZAMAJI

Filamu iliyoharakishwa hutunza mambo mawili: mfuatano wa matukio, na uwiano wa muda kati yao. Lakini haitunzi mwendo wenyewe. Tuseme mzunguko wa S2 umeonyeshwa kwa sekunde 16, kila sekunde ikiwa mwaka mmoja. Mwendo umeongezwa mara milioni 31.5 hivi. Katika kanuni itumikayo kupata tungamo, tunagawanya kwa mraba wa muda. Mwanafunzi atakayechukua sekunde 16 badala ya miaka 16, akiuacha umbali ulivyo, atapata tungamo lililozidi mara milioni bilioni moja. Filamu haikusema uongo; yeye ndiye asiyeuliza.

Hatari nyingine imo katika nafasi iliyo baina ya picha. Piga picha ya saa ya ukutani kila baada ya dakika 55. Katika kila picha mkono mrefu utakuwa nyuma kwa dakika tano kuliko katika picha iliyotangulia. Sinema itaonyesha mkono ukirudi nyuma, ingawa saa haina kosa na kila picha ni ya kweli.

Kwa hiyo kila uonapo filamu ya namna hii, uliza maswali matatu. Muda gani ulipita kati ya picha na picha? Picha ngapi huonyeshwa kwa sekunde? Na je, kitu gani kingaliweza kutokea kati ya picha mbili kisionekane?

JARIBIO KWA DARASA

Shule isiyo na kamera yaweza kufanya kazi hii pia. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu walichokitoa mwaka 1880, walieleza jinsi walivyofuata mwendo wa mimea kwa kutia nukta juu ya kioo. Otesheni mharagwe utambaao katika mkebe. Ukiwa mrefu kiasi, usiusogeze, na mlaze kioo juu yake bila kuugusa. Kila baada ya dakika kumi, tazameni kutoka juu mahali pamoja na kutia nukta mahali ilipo ncha, mkiandika wakati kando yake. Unganisheni nukta kwa mstari.

Kisha jibuni: duara moja lilichukua muda gani? Mngepata mchoro wa namna gani kama mngetia nukta moja tu kila baada ya saa mbili? Darasa litakaloweza kulijibu swali la pili litakuwa limeelewa kwa nini wataalamu wa S2 walirudi kwenye darubini zao mwaka baada ya mwaka, wala hawakungoja miaka 16 ipite ndipo wapige picha ya pili.