Tamthilia za Kutazama Nyumbani Baada ya Zamu

Ndugu mfanyakazi, ukirudi nyumbani Buyenzi, Bwiza au Kinama baada ya kutwa nzima kiwandani, aghalabu unakuta kila mtu na simu yake katika kona yake. Huyu anacheka peke yake, yule amejifunika kanga anatazama asichotaka wewe ukione. Na mega zinazoliwa hapo zimetoka katika mshahara wako. Maadamu fedha hiyo itatumika upende usipende, heri itumike kwa tamthilia moja, kwenye simu moja, mbele ya watu wote wa nyumba.

Jambo hili si geni kwetu. Studio Ijambo ilianzishwa hapa Bujumbura mwaka 1995, vita vikiendelea, na mwaka 1997 ikaanza kutoa mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mwandishi Marie-Louise Sibazuri alisimulia habari za familia mbili zinazopakana, moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi. Mji wakati huo ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa, lakini mchezo ule ulisikilizwa pande zote. Redio moja ilitosha ua mzima, na mchezo ukiisha ndipo mazungumzo yalipoanza.

Siku hizi picha zimeingia simuni. Ya kwanza ninayoipendekeza ni Siri ya Mtungi, tamthilia ya Tanzania iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012. Ni ya Kiswahili kitupu, nayo imewekwa YouTube, hailipiwi ila mega zako. Inamhusu Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, aliyejifunza kazi kwa mzee Masharubu, akamwoa binti yake Cheusi, kisha akaanza kuvutwa na maisha ya Dar es Salaam. Kuna wake wenza, kuna ukimwi, kuna wanaume wanaoahidi wasichoweza kutimiza. Nyumbani kwangu tuliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, mama watoto akichambua maharage. Nilidhani tutacheka tu. Cheche alipoanza kumficha mkewe mambo, mama watoto aliacha maharage, akaniuliza mshahara wa mwezi uliopita ulikwenda wapi hasa. Tulikaa hadi usiku tukihesabu. Sikufurahi, lakini hesabu ile ilikuwa inadaiwa tangu zamani, na sasa daftari la matumizi liko mezani, si mfukoni mwangu. Watoto wadogo walazwe kwanza; baadhi ya sehemu zake ni za watu wazima.

Ya pili ni Country Queen ya Kenya, iliyotoka Netflix mwezi Julai 2022, sehemu 6 tu. Humo husemwa Kiswahili, Kikamba na Kiingereza. Akisa, binti anayefanya kazi Nairobi, anarudi kijijini kwao baada ya miaka mingi na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya wazazi wake. Ndugu zetu wa mashamba ya chai na ya miwa wataielewa upesi kuliko watu wa mjini: nani anatia sahihi, nani anaelezwa maana ya karatasi, na nani anahamishwa. Lawama yangu ni kwamba picha zinamfuata mno Akisa, na wanakijiji wenyewe hawapewi nafasi ya kutosha. Hata hivyo itazameni pamoja na vijana wenu, kisha waulizeni wao wangefanya nini.

Taabu ni kwamba Netflix hulipiwa kila mwezi, tena kwa kadi ambayo wengi wetu hatuna. Mwenye ndugu anayelipia na awaalike jirani. Yeye aweza kuzipakua sehemu hizo simuni mwake palipo na intaneti isiyolipiwa, mkazitazama baadaye bila mtandao wowote. Kwa YouTube, punguza ubora wa picha hadi 240 au hata 144. Nyuso zitafifia kidogo, lakini sauti haibadiliki sana na mega zitadumu. Mimi sikulijua hilo mwanzoni. Vifurushi vya wiki nzima viliisha kabla sehemu ya pili haijamalizika, na Jumatatu nikaenda kazini bila nauli.

Tena jaza chaji mapema. Umeme hukatika bila kuaga, na si vyema nyumba nzima kukaa gizani ikibishana kama Cheusi atasamehe au hatasamehe. Kwetu ubishi huo haujaisha. Tunaendelea Jumamosi hii, kwa kuwa wiki hii niko zamu ya asubuhi, na jirani wa mlango wa pili ameahidi kuja na simu yenye kioo kikubwa.