Utangulizi: Kumsaidia Mgonjwa Autunze Moyo Wake Wakati wa Janga

Taaluma unayoingia, ya kumsaidia mgonjwa ajitunze, ina swali moja kubwa: mtu mwenye presha, kisukari au kolesteroli nyingi ataulindaje moyo wake wakati kliniki aliyoizoea haifikiki?

Swali hili lilitukabili waziwazi mwaka 2020. Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona Machi 13, na Machi 27 kafyu ikaanza. Wagonjwa wa presha wakajikuta njia panda: waende kliniki wakihofia kuambukizwa, au wabaki nyumbani dawa ziwaishie. Hali haikuwa ya Kenya peke yake. Mwezi Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilizihoji nchi 155, na zaidi ya nusu zikaeleza kwamba huduma zao za presha zimevurugika, kwa sehemu au kabisa.

Mizizi ya taaluma hii ni mikongwe kuliko korona. Utafiti ulioanza Framingham, Marekani, mwaka 1948 ulionyesha kwamba presha, kolesteroli na sigara huuweka moyo hatarini miaka mingi kabla ya dalili kutokea. Miongo kadhaa baadaye, Kate Lorig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandaa mafunzo ya kujitunza ambayo wagonjwa huwafundisha wagonjwa wenzao.

Kujitunza kuna ufundi wake. Chukua upimaji wa presha nyumbani. Mtu hukaa kitini ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono uko mezani usawa wa moyo, wala hazungumzi. Hupima mara mbili na kuandika. Nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu huhesabiwa kuwa presha ya juu. Kliniki, kiwango ni 140/90. Asiyefundishwa haya anaweza kuwa na mashine nzuri, namba zikampotosha.

Upo pia ufundi wa kuchuja habari. Mwanzoni mwa janga ilienea hofu kwamba dawa za presha kama enalapril na losartan zingezidisha makali ya korona. Vyama vya madaktari wa moyo vikashauri wagonjwa wasiziache. Mwenye namba ya simu ya nesi wake aliweza kuuliza. Asiye nayo aliamua peke yake.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kitabu hiki: anayejitunza anahitaji watu nyuma yake. Anahitaji dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, simu inayopokelewa, na mhudumu wa afya ya jamii anayemjua kwa jina. Anahitaji kuambiwa mapema kwamba maumivu makali ya kifua, au uso kupinda upande mmoja, ni ya kukimbiziwa hospitali papo hapo, hata usiku wa kafyu. Hayo yote hujengwa siku za amani.

Basi usingoje janga jingine. Muulize mgonjwa uliye naye leo: presha yako ilikuwa ngapi mara ya mwisho, dawa zitakufikisha lini, na zikiisha utampigia nani?