MOTA YA MASHINE YA MAZOEZI INAWEZA KUNOA MAJEMBE YETU



Hapa Kalamba na Ukambani kote, kabla mvua ya Oktoba haijafika kila nyumba hutafuta jembe na panga kali. Wale wa mwethya wanaochimba matuta ya fanya juu wanajua kwamba jembe butu humaliza nguvu za mtu asubuhi na mapema. Kikundi chenye jiwe la kunolea la stima kinaweza kunolea wanachama wake, na majirani wakalipa kidogo.

Shida ni kwamba grainda mpya inataka pesa ambazo vikundi vingi havina. Lakini tangu mradi wa Last Mile ulipozinduliwa mwaka 2015, stima imefika katika nyumba na masoko mengi ya mashambani. Na huko mjini kuna mashine za mazoezi, zile za kukimbilia juu ya mkanda, ambazo hutupwa mkanda ukichakaa ilhali mota bado ni nzima. Mota hiyo inaweza kuzungusha jiwe. Ila mkumbuke jambo moja: mota peke yake si mashine. Kikundi kikinunua mota bila bodi yake na bila fundi, kinaweza kuunguza pesa, na mtu anaweza kufa.

Mota hii ni ya namna gani?

Mota nyingi za mashine hizi zina sumaku ndani, na stima huingia kupitia brashi mbili za kaboni. Zinataka stima ya njia moja, kama ile ya betri. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240, nayo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukichomeka mota hii moja kwa moja kwenye soketi haitazunguka vizuri. Itanguruma, itapata moto na kuungua. Bodi ndiyo inayobadilisha stima na kupunguza au kuongeza mwendo.

Kabla ya kutoa pesa

1. Ikiwezekana, nunueni mashine nzima na muione ikizunguka. Chukueni mota, bodi, kioo cha kubonyezea, ufunguo wake wa usalama na kile kidude cha kupima mwendo. Bodi nyingi hukataa kufanya kazi kimoja kikikosekana.

2. Someni kibandiko. Mashine iliyotengenezwa kwa stima ya Marekani ni ya volti 120, na bodi yake itaungua ikipewa 240. Usidanganyike na nguvu za farasi zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Zidisha volti kwa ampea za mota. Volti 130 kwa ampea 10 ni wati 1,300, na hiyo ni nguvu inayoingia. Inayotoka ni pungufu.

3. Mkikuta mota peke yake, ijaribuni hivi. Izungushe kwa mkono, halafu gusanisha zile waya mbili nene na uzungushe tena. Ikiwa sasa ni nzito, sumaku na brashi ziko sawa. Kisha unganisha waya hizo na betri ya gari ya volti 12. Mota nzima itazunguka polepole. Waya nyembamba, zikiwepo, mara nyingi ni za swichi ya kuzima mota ikipata moto sana. Msizikate.

Kuunganisha na jiwe

Usifunge jiwe moja kwa moja kwenye mota. Mota hizi huenda mbio, nyingine zaidi ya mizunguko 4,000 kwa dakika, na jiwe likipita mwendo wake hupasuka na kuruka kama risasi. Fundi wa chuma aweke ekseli yenye beringi mbili. Puli ndogo ikae kwenye mota na puli kubwa kwenye ekseli ya jiwe. Puli ya inchi 2 ikivuta ya inchi 4, mizunguko 4,000 inakuwa 2,000. Mwendo wa mwisho umeandikwa kwenye jiwe lenyewe. Hesabu yenu ibaki chini yake hata bodi ikifunguliwa yote.

Lile gurudumu zito la mota mara nyingi limefungwa kwa nati ya mzunguko wake, na hujikaza mota ikienda upande wake wa kawaida. Mota ikizungushwa kinyume, gurudumu laweza kufunguka likatoka. Basi geuzeni mashine, si mwendo wa mota. Tena ikingeni mota na vumbi la chuma, kwa sababu sumaku hulivuta ndani, lakini hewa ya kuipoza ipite.

Usicheze na stima

Katika bodi nyingi za aina hii, sehemu zilizo wazi zimeungana na stima ya nyumba. Kuzigusa ni sawa na kugusa waya wa ukutani. Hata ukichomoa plagi, kapasita zake zaweza kubaki na stima kwa muda. Kazi hii ni ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Aifunge bodi ndani ya sanduku, aunganishe waya wa ardhi na mwili wa mashine, na aweke swichi inayojikata stima ikivuja.

Stima ikipotea, zima swichi mara moja, isije ikarudi mkono ukiwa kwenye jiwe. Jiwe liwe na kifuniko, anayenoa avae miwani, na leso au nguo zinazoning'inia zifungwe vizuri. Watoto wakae mbali.

Kama hamna stima

Msiingie deni kwa ajili ya mota. Wanoa visu wa mijini hufunga jiwe kwenye fremu ya baiskeli na kulizungusha kwa miguu. Hesabu ya puli ni ile ile, na hakuna wa kupigwa na stima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni majembe na mapanga mangapi hunolewa kabla ya mvua, na watu wangelipa ngapi?
2. Je, tukijumlisha mashine, fundi wa chuma na fundi wa stima, bado ni nafuu kuliko grainda mpya?
3. Nani atatunza ufunguo, na nani atafundishwa kunoa?