Binti Ameitwa Kusomea Madini: Tumjibu Nini?



Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, na uso wake umejaa mashaka. "Maalim," akaanza, "binti yangu ameitwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, akasomee uhandisi wa migodi na uchenjuaji wa madini. Babake hataki. Asema hiyo ni kazi ya wanaume na sururu zao, si ya mtoto wa kike aliyelelewa kwa stara. Nami hata sijui madini huchenjuliwa vipi. Nipe shauri."

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu inayonitia haya hata leo. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja niliyemsomesha madrasa aliniuliza swali kama hilo. Nikamwambia aachane na habari za mawe, atafute kazi ya ofisini. Haukupita muda mrefu mgodi wa titani ukafunguliwa Kwale, si mbali na kwao, naye hakuwa na elimu ya kumwingiza humo. Nilikuwa nimetoa shauri katika jambo nisilolijua. Basi mara hii nilimwomba mama yule siku tatu, nikasoma na kuwauliza wajuao. Haya ndiyo niliyomweleza.

Kwanza, kuchenjua si kuchimba. Mchimbaji hutoa jiwe au mchanga ardhini. Mchenjuaji hutenga chenye manufaa na kisicho na manufaa. Na kazi hiyo kila mama wa Pwani aijua kwa mikono yake. Hutwanga kinuni, huchekecha, hupepeta kwa uteo ili makapi yaruke, kisha huosha mchele ili vijiwe vizame chini. Mhandisi naye hulisaga jiwe, hulichekecha, halafu hutenga madini kwa uzito wake, kwa sumaku, kwa umeme, au kwa povu la maji yaliyotiwa dawa. Baada ya hapo huja metalurjia, yaani elimu ya kuitoa metali yenyewe: kwa moto wa tanuri, kwa kuiyeyusha ndani ya dawa, au kwa nguvu ya umeme. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kiwandani na maabara, si ndani ya shimo.

Mfano tunao hapa karibu. Mchanga wa Kwale una madini matatu: ilmenaiti, rutaili na zikoni. Ilmenaiti hunaswa na sumaku. Rutaili hainaswi, lakini hupitisha umeme. Zikoni hainaswi wala haipitishi. Kwa tofauti hizo tu, mchanga mmoja hugawanywa mafungu matatu. Mawili ya kwanza hutengenezwa unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba. La tatu huingia katika vigae. Meli ya kwanza ilipakia shehena Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Kwa muda wote huo tuliuza mchanga uliotengwa, na kazi ya kuugeuza kuwa unga wa rangi ikafanywa ng'ambo. Leo mgodi umefungwa. Lakini aliyejifunza kutenga madini yale aweza kuichukua elimu yake hadi kwenye dhahabu, shaba au chuma cha nchi nyingine. Ardhi huisha kilichomo, elimu haiishi.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Msahafu una sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma. Na katika karne ya 10 mwanachuoni wa Yemen, Al-Hamdani, aliandika kitabu juu ya dhahabu na fedha, akaeleza namna zinavyotolewa na kusafishwa.

Pili, nilimkumbusha mama yule kijiji cha Owino Uhuru, papa hapa Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilifanya kazi jirani na nyumba za watu. Sumu ya risasi ikaingia katika miili ya wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Fidia haimrudishii mtoto afya yake. Lau mtaa ule ungalikuwa na binti mmoja aliyesomea metalurjia, angaliutazama moshi ule akauliza mapema: vumbi lakusanywa wapi, na maji machafu yaenda wapi? Elimu hii si ya kutafuta mali pekee, bali pia ni ya kulinda jirani.

Kwa wazazi wengine wenye watoto wanaoipenda njia hii: msingi ni Hisabati, Fizikia na Kemia, na huanza kujengwa tangu shule ya sekondari. Shahada ya uhandisi hapa Kenya huchukua miaka 5, pamoja na mafunzo ya vitendo kazini. Kabla ya kulipa karo, ulizeni kama kozi hiyo imetambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha metalurjia na uchenjuaji wa madini.

Siku ya nne babake binti alikuja mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza neno moja: "Atakaa wapi huko, Maalim?"

Hilo ni swali la mzazi, na ni haki yake. Sikumjibu kwa maneno. Tumeafikiana twende sote, yeye, mkewe, binti na mimi, tukayaone mabweni na kuzungumza na walimu kabla muhula haujaanza. Uamuzi ni wao. Langu lilikuwa kuhakikisha kwamba safari hii hakuna mtoto atakayezuiliwa kwa ujinga wangu.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.